Suruali ya Kaki ya Ogada

Jumatatu, 8 Februari 1993

Gari la kiwanda halikuja leo. Tulisimama pale kona ya Mirongo, wanawake wote wa minofu, mabuti ya mpira ndani ya mifuko ya plastiki ya Rambo, mpaka jua likatoka juu ya mawe. Mwishowe tukaanza kutembea. Mirongo hadi Ilemela kwa miguu! Kumbe gari limeuzwa. Msimamizi alitupokea getini: kampuni inakata samaki, haisafirishi watu. Atakayechelewa mara ya tatu asijisumbue kuingia. Akanyoosha kidole kwa wale waliokaa kivulini mwa ukuta. Kila asubuhi wapo pale. Wanasubiri mmoja wetu afukuzwe.

Kutwa nzima nimesimama mezani na kisu, miguu inawaka moto. Gladness, mwenzangu wa meza, anasema nihamie Pasiansi, karibu na kwake. Nitahamaje? Mwanangu Jasmin anasoma hapa. Kanisa liko hapa.

Baiskeli ya mume wangu Ogada iko nyuma ya kabati, imefunikwa gunia. Tangu nilipotoka kumzika sijaigusa.

Jumanne, 9 Februari

Nimelifunua gunia. Foniksi nyeusi. Matairi hayana upepo, vumbi mpaka kwenye kengele. Jasmin alirukaruka kama baba yake karudi. Nikamwambia anyamaze, achukue kitambaa afute.

Kuendesha najua. Utotoni kule Rorya nilijifunzia kwenye baiskeli ya mjomba, mguu mmoja nimeupenyeza chini ya lile bomba la katikati, mwili umepinda kama kaa. Lakini wakati ule nilikuwa mtoto, nani alikuwa na habari na mimi? Sasa ni mjane, nina miaka thelathini na tatu, na baiskeli ni ya kiume. Bomba liko juu. Lazima mguu upite juu yake. Na gauni je? Nimejaribu uani. Nikilivuta, mapaja nje. Nisipolivuta, mguu haupiti. Jirani alikuwa anachagua mchele — akauacha mchele wake, akanitazama mimi.

Kesho nitavaa lile gauni pana la kitenge. Litatosha.

Jumatano, 10 Februari

Halikutosha.

Ilikuwa Kirumba, karibu na mwalo wa samaki. Cheni ilidaka pindo, ikalivuta. Nilisikia kitambaa kinachanika kabla sijajua ni changu. Nikaenda chini. Gauni limekwama, mimi nimelala juu ya baiskeli, kusimama siwezi, kukaa siwezi, na nguo imepanda hadi kiunoni. Wanaume wakajaa. Nusu wanacheka, nusu wanatoa ushauri. Hakuna aliyeinama.

Mama mmoja muuza dagaa ndiye aliyekuja mbio. Akanifunika kanga yake, akawageukia: ninyi hamkuzaliwa na mwanamke? Akaazima kisu, akakata kitenge nikawa huru. Kanga nikabaki nayo kiunoni mpaka kazini. Kesho nitamrudishia.

Nilichelewa. Mara ya kwanza hiyo. Goti limevimba, lakini si goti linaloniuma.

Kitenge kile Ogada alininunulia alipozaliwa Jasmin.

Ijumaa, 12 Februari

Jana na leo nimekwenda na sketi nyembamba, kanga juu yake, pini mbili kubwa. Naikokota baiskeli penye watu, naipanda pasipo na watu. Pini moja ilifunguka ikanichoma pajani. Nimefika mapema, sawa, lakini nimefika nimekasirika.

Nimeanza kutazama nguo za watu barabarani. Sijawahi kuzitazama hivi. Wale Wasukuma wanaoleta mkaa wa magunia wamefunga mguu wa suruali kwa kipande cha tyubu, hapa kwenye kifundo, cheni haina pa kushika. Masista wa misheni wana magauni marefu kuliko langu na hawaanguki! Leo nimewatazama vizuri: baiskeli zao hazina bomba la juu, na cheni imefunikwa bati. Kwa hiyo kosa si la gauni peke yake. Baiskeli yangu ilitengenezwa na mtu aliyekuwa anamfikiria mwanamume.

Natafuta nini hasa? Nimefikiri njia nzima. Isiyoshikwa na cheni. Isiyopeperuka pale upepo wa ziwa unapotokea upande. Isiyonibana nikipanda kilima. Ikilowa jasho ikauke. Kwa kifupi, natafuta nguo ambayo nikishaivaa nitaisahau.

Jumamosi, 13 Februari

Sabato. Nimeimba vibaya, goti linagoma.

Baada ya ibada shemasi wetu wa kike aliniita pembeni. Habari za Kirumba zimemfikia — habari hazipandi baiskeli lakini zinafika! Alinipa pole, kisha akanikumbusha andiko la mwanamke na mavazi ya kiume. Mimi sikuwa nimetaja suruali hata kidogo. Nikasema ndiyo mama, asante mama.

Nimerudi nyumbani nikijiuliza. Siku ile Kirumba mapaja yangu yalionwa na mwalo mzima kwa sababu nilivaa gauni la heshima. Heshima gani sasa hiyo?

Jumapili, 14 Februari

Nimekwenda soko la Makoroboi na Gladness. Mitumba imemwagwa chini mpaka barabarani, siku hizi unachagua nguo huku gari linakupigia honi mgongoni. Zamani tulipanga foleni ya kitambaa kimoja, rangi moja, mji mzima tukafanana. Sasa zipo nguo za kila namna na viwanda vya kusokota vimekufa. Ogada aliyaona haya mwanzo. Alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha pamba, akasema: siku mitumba hii ikijaa, sisi tutakaa bila kazi.

Gladness anachambua kama kuku. Hana aibu. “Mama Jasmin, njoo uone hii! Karibu!” — ananyanyua traki ya zambarau yenye mistari myeupe, anaipima kiunoni kwangu mbele za watu. Muuzaji anapiga kelele: kafa Ulaya, kafa Ulaya, nguo ya marehemu tajiri!

Kila mtu alicheka, mimi pia. Tumezoea kusema hivyo. Mzungu kafa, nguo zake zimekuja, tunavaa. Hakuna anayeuliza alikuwa nani wala ndugu zake wamesemaje.

Nimechukua traki na suruali moja ya jinsi. Nitazivaa ndani ya gauni, nikifika navua.

Jumatano, 17 Februari

Traki imeshindwa. Kitambaa chake ni kama nailoni. Kufika Pasiansi nimechemka kama kiazi ndani ya sufuria, na jasho halina pa kwenda. Tena inateleza juu ya siti, kila nikikanyaga narudi nyuma. Leo mapajani vipele vimetoka.

Jinsi nayo ni ngumu, ina mshono mnene katikati, pale pale unapokalia. Sitaandika zaidi. Nilifika natembea kama bata, Gladness akacheka mpaka akajikata kidole.

Jumapili, 21 Februari

Nimefungua sanduku la Ogada.

Naandika polepole maana nataka nijue nimefanya nini. Kwetu nguo za marehemu hazivaliwi ovyo. Zinakaa mpaka ndugu zake waje, zitandikwe mkekani, zigawiwe kwa utaratibu. Mdogo wake Odoyo alikuwa aje baada ya mavuno. Hakuja. Mavuno mengine yanakaribia. Nguo zipo tu sandukuni, na mimi nalala chumba hicho hicho nazo.

Nilitaka kuzianika, nondo zisile. Ndivyo nilivyojiambia. Mashati manne, koti, kaunda suti ya harusi, suruali. Ile ya kaki ilikuwa chini. Ni ya dirili, kitambaa kizito cha pamba cha kiwandani kwao, imefuliwa miaka mpaka imekuwa laini kama sikio la ndama. Nikapitisha mguu. Mguu ukaingia. Kiuno kikubwa, lakini mapajani — kama ilinisubiri. Nikainama, nikachuchumaa, nikapanda juu ya kigoda nikashuka. Hakuna kilichobana. Hakuna kilichovutika.

Nilikaa kitandani nimeivaa. Sikulia. Nilidhani nitalia.

Jumatatu, 22 Februari

Nimeisahau!

Nimepita Kirumba, nimepita Pasiansi, nimefika getini — na njia nzima sikuifikiria nguo. Niliwaza mambo mengine. Niliwaza Jasmin aache kutafuna penseli. Niliona ziwa lilivyo jeupe asubuhi, na ndege wale weusi wamekaa juu ya mawe, mabawa wazi, wanajianika. Miaka yote napita kwenye gari sikuwaona.

Nimevaa hivi: suruali ya kaki ndani, mshipi wa kitambaa kiunoni, kipande cha tyubu kifundoni mguu wa kulia. Juu gauni la drafti lililokatwa likaishia magotini, limepasuliwa pembeni. Kandambili hapana, zinachomoka. Raba za mtumba. Kichwani kilemba kidogo, maana kanga inapeperushwa na upepo inafunika macho.

Na mifuko! Suruali ya kiume ina mifuko minne. Ufunguo, leso, kipande cha muhogo. Wanaume wamekuwa na mahali pa kuweka vitu vyao siku zote na hawakutuambia.

Alhamisi, 25 Februari

Mshipi unakatikakatika, kiuno kinashuka. Nimeipeleka suruali kwa fundi Shimba, yule wa kibarazani. Aliipokea, akaigeuza, akatazama mshono wa ndani. Akaniambia hii nimeshona mimi, ya Bwana Ogada. Kisha akauliza, imeshagawiwa?

Nikasema bado.

Akaiweka juu ya cherehani. Mzee Shimba ni Msukuma, lakini mambo ya wafu hayana kabila. Akachezea chaki. Mwisho akasema, “Mwanangu, kukata sikati. Nitaikunja kiunoni kwa ndani, niishone. Wenyewe wakija, utajua la kuwaambia.”

Nikamwambia mwenyewe ni mimi.

Akasema, “Haya. Hilo nalo utawaambia.”

Jumamosi, 6 Machi

Mvua zimeanza. Kaki inalowa, inakauka mbele ya jiko kabla chai haijachemka. Wiki hizi sijachelewa hata siku moja. Msimamizi ananitazama nikiingia. Wenzangu wawili wameniuliza fundi ni nani. Gladness amesema nikimfundisha kuendesha atanifundisha kuchuna ngozi ya sangara kwa mkupuo mmoja. Tumekubaliana.

Kanisani navaa gauni langu refu. Shemasi amenisalimia kwa mkono mzima. Kwa hiyo hajajua, au amejua ameamua kungoja.

Jioni Jasmin ameniuliza: baba akiona umevaa suruali yake atakasirika? Nikamwuliza yeye anaonaje. Akafikiri. Akasema baba angecheka, halafu angeiomba kwa sababu ni ile anayoipenda.

Nimekwenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu.

Alhamisi, 11 Machi

Abiria wa basi la Musoma amepita hapa na salamu kutoka nyumbani. Mama mkwe na Odoyo wanakuja, mwisho wa mwezi. Nguo zigawiwe. Na “mambo mengine yazungumzwe.”

Mambo mengine nayajua. Odoyo ana mke, Odeta, tulifundwa pamoja kanisani, na watoto watatu. Ni mtu mzuri. Hajawahi kuniinulia sauti. Na sasa wazee watasema: nyumba ya kaka yako haiwezi kukaa bila mtu.

Nimekaa hapa nimeshika kalamu. Nyumba ina watu. Tuko wawili.

Ijumaa, 19 Machi

Wamekuja leo! Walisema mwisho wa mwezi!

Nimerudi kazini nimelowa, matope mpaka kidevuni, nikaegemeza baiskeli, nikasukuma mlango — na mkeka umetandikwa. Mama amekaa chini, miguu ameinyoosha. Odoyo kwenye kigoda. Sanduku wazi. Jasmin aliwapa ufunguo, angefanyaje, ni bibi yake. Nguo zimepangwa moja moja: mashati, koti, kaunda suti.

Nikapiga magoti, nikamwamkia Mama. “Shikamoo Mama.” Akanipa mkono, akanishika muda mrefu. Amekonda. Ana macho ya Ogada, nilikuwa nimesahau. Akaniambia kaa, mwanangu, tulikuwa tunakungoja. Nikakaa mkekani vile vile, gauni limefunika magoti, maji yananitiririka.

Mama akawa anazigusa nguo, anazitaja kwa Kiluo, ipi ya nani. Mjomba atapata koti. Odoyo kaunda suti. Kisha mkono ukasimama. Akauliza, ile ya kaki iko wapi? Ile aliyokuja nayo nyumbani kila mwaka, aliyopandia mti wa mpera?

Jasmin akatazama miguu yangu, akageuza uso haraka — na haraka ile ndiyo iliyosema.

Ningeweza kusema iliibwa kwenye kamba. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini nimekaa juu yake! Nikavuta pindo la gauni juu kidogo. “Hii hapa, Mama.”

Odoyo alikodoa macho, akafunika mdomo, akashindwa. Kicheko kikamtoka. “Basi yamekwisha,” akasema. “Nimesafiri kutwa nzima kuja kurithi, kumbe shemeji Akelo amejirithi mwenyewe!”

Mama akamwambia nyamaza. Odoyo akanyamaza. Nguo zilibaki mkekani, hakuna aliyezigusa tena. Mimi nikaenda kupika. Na suruali yangu. Sikuwa na nyingine kavu.

Jumamosi, 20 Machi

Sabato. Tumekwenda kanisani wote, Mama katikati yangu na Jasmin. Hakuna mtu angejua.

Mchana Odoyo alinifuata uani, nikiwa peke yangu. Akaniambia ukweli wake, namshukuru. Hanitaki — alisema kwa heshima, lakini ndivyo alivyosema. Odeta ananuna tangu mavuno. Wazee ndio wanaomsukuma. Yeye anachohitaji ni baiskeli. Kutoka nyumbani hadi mnadani na samaki kichwani ni safari ya kuua mtu, na mke wake ana mimba. Baiskeli ya kaka ni ya mdogo wake, Akelo, hata wewe unajua.

Nikamwambia, bila baiskeli sina kazi.

Akasema, bila baiskeli mimi nina nini?

Tukasimama hapo, Foniksi katikati yetu. Sote tuna haki. Ndiyo shida yake. Ingekuwa mmoja ni mwizi ingekuwa rahisi. Akasema atamleta Mzee Jonathan, mkubwa wa watu wa Rorya hapa mjini, Jumapili ijayo. Yeye ataamua.

Jumatano, 24 Machi

Mama hazungumzi. Kila asubuhi anaamka kabla yangu, anakaa mlangoni na kikombe, anatazama ninavyojiandaa. Suruali. Gauni. Tyubu kifundoni. Raba. Nikimpita nasema, Mama naenda. Anaitikia. Nikigeuka pale kwenye kona bado anatazama.

Leo nimerudi nikaikuta kamba imeanikwa gauni langu la jana. Amefua yeye. Mikono ile ya mgonjwa wa baridi yabisi! Nikaona aibu.

Hakufua kitu kingine chochote. Nimeelewa. Kaki, hata nikiiacha nyumbani, siwezi kumtwika aifue.

Ijumaa, 26 Machi

Leo amezungumza.

Ilikuwa jioni, tunachambua dagaa, Jasmin katumwa chumvi. Akaniuliza Ilemela ni mbali gani. Nikamwambia, kama kutoka nyumbani mpaka misheni na kurudi. Akatikisa kichwa. Akauliza, huumii? Nikasema na ile traki niliumia, na ile ya jinsi niliumia. Na hii siumii.

Akachambua kidogo. Halafu akasema, bila kuniangalia:

“Unajua baba yake Ogada alikufa Ogada akinyonya. Odoyo ni wa ndugu yake.”

Nilijua, wote tunajua. Lakini hajawahi kunitajia.

“Hakuwa mtu mbaya,” akasema. “Alinijengea. Hakunipiga. Walipomleta nilikuwa nimeshika jembe, natoka shamba. Wakaniambia huyu hapa. Nikaweka jembe chini.”

Nikangoja. Nikamwuliza taratibu, na wewe Mama ulisemaje?

Akanitazama kama nimeuliza kwa lugha ya kigeni. “Nani aliniuliza?”

Jasmin akarudi na chumvi. Mama akaanza kumsimulia habari za fisi. Sauti nyingine kabisa, ya bibi. Mimi nikaendelea na dagaa, sioni mikono yangu.

Nimekuwa nikidhani ananyamaza kwa hasira. Siku zote hizi. Sasa sijui. Na kuna jambo jingine nalifikiria: bila mume yule wa pili, Odoyo asingekuwepo. Na Odoyo ni mtu mzuri. Je, Mama anaweza kuichukia desturi iliyompa mtoto? Mimi ningeweza? Sipendi kufikiri hivi, maana kila nikivuta uzi, unatoka na nguo nzima.

Jumapili, 28 Machi

Naandika haraka. Wako nje.

Kiwanda kilituita, ndege ya mizigo inaondoka leo, minofu haijatosha. Nilidhani nitawahi. Nimerudi nikapanda kile kilima kwa nguvu zote, nikaingia uani napumua kama mbuzi — wamekaa tayari. Mzee Jonathan kwenye kiti chenye mgongo, kofia gotini. Odoyo. Wazee wawili nisiowajua. Mama kwenye mkeka, pembeni. Chai kwenye stuli. Wakaniona vile nilivyo, magamba ya sangara mikononi, mguu mmoja bado uko juu ya bomba. Hapakuwa na namna ya kushuka kwa adabu. Nikashuka tu.

Nikapiga magoti, shikamoo, marahaba. Mzee Jonathan hakutazama suruali. Alitazama sana mahali pengine.

Alizungumza vizuri, sitamsingizia. Alisema marehemu aliacha jina, aliacha mtoto, aliacha chombo. Alisema mdogo mtu amekuja kwa nia njema. Mzee mmoja kati ya wale wawili akasema mambo hayana haja ya maneno mengi, mdogo mtu achukue baiskeli, na mama wa mtoto arudi nyumbani Rorya chini ya ulinzi wake, mjini hapa mjane anaharibika, hata mavazi tunayaona. Odoyo akainamisha kichwa. Mimi pia.

Ndipo Mama akakohoa. Sauti ndogo. Akasema ana neno moja, kama wazee wanamruhusu. Wakamruhusu. Akasema:

“Mwulizeni.”

Yule mzee akasema, tumwulize nini, mama?

“Mwulizeni anataka nini. Hamjamwuliza.”

Mzee Jonathan akazungusha kofia yake. Akanigeukia, na nadhani hata yeye alikuwa hajui ingekuwa hivi. “Haya, Mama Jasmin,” akasema. “Wewe unasemaje?”

Na mimi! Mimi niliyebishana nao kichwani njia nzima kila siku, kila kilima hotuba — maneno yakakauka. Nikasema, wazee wangu, naomba kwanza nikabadili nguo, nije mbele yenu kwa heshima. Wakakubali. Walifurahi hata, niliona mabega yakishuka.

Sasa niko chumbani. Nimenawa mikono na uso. Gauni refu la kanisani liko kitandani, limenyooshwa. Nikilivaa nitakuwa mkwe. Nitakaa miguu pamoja, nitasema taratibu, na watanisikiliza kwa namna wanavyomsikiliza mkwe. Labda ndiyo njia ya kuipata baiskeli. Nikitoka na hii watasema jibu wameshaliona. Labda nitaikosa kwa sababu hiyo tu.

Na Odoyo je? Nimewaza kumwambia: nipe mpaka mavuno, tutafute ya pili pamoja. Sijui kama inatosha. Sijui kama ni haki kumwomba mtu ambaye mke wake ana mimba asubiri.

Nimefungua kishikizo cha kaki. Nimesimama hivyo, naandika juu ya sanduku.

Mlango umegongwa. Mama. Hakuingia. Amesema kwa sauti ya kusikika, wazee wanangoja, chai inapoa. Halafu amesogeza mdomo kwenye ubao, polepole, kwa Kiluo: “Njoo hivyo hivyo.”

Sijui ana maana gani — nifanye haraka, au nije kama nilivyo. Nimeuliza, Mama, hivyo vipi? Hajajibu. Bado yupo, naona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

Nafunga kishikizo cha kaki.